Sista Ndani ya Sufuria ya Muhiba

Muhiba hupika harusi. Ukiwa na binti anaolewa Pumwani, unamwita Muhiba, na ukimkosa unasogeza siku. Ni mtu mfupi, mwembamba, sauti yake hufika mlangoni kabla yake. Kwao ni Mombasa. Alikuja Nairobi na mume aliyekuwa dereva wa lori. Mume akarudi pwani, yeye akabaki. Ukimuuliza kwa nini alibaki, anasema baridi ya huku inafaa wali. Mimi sijui maana yake. Hajawahi kueleza.

Hapa Umoja mlango wake unatazamana na wangu. Nyumba zetu ni za vyumba viwili na uwanja wa kuongezea. Mimi niliongeza chumba kimoja. Nilipandisha kuta, nikaezeka mabati, nikapumzika kabla ya kuweka mlango. Bado nilikuwa nimepumzika wakati mambo haya yalipotokea.

Mwaka mmoja Muhiba alinunua sufuria ya kupikia harusi kubwa. Ilitoka Gikomba juu ya mkokoteni, na watu wa mstari wote wakatoka kuitazama. Mtoto angeweza kuoga ndani yake na ndugu zake. Ikafika mlangoni kwa Muhiba, ikakataa kuingia. Wakaiinamisha, wakaigeuza, wakailaza. Munyoki, seremala wa nyumba ya pili kutoka kwangu, akatoa utepe wake akapima.

"Mama, hii haiingii," akasema.

"Hilo nililijua kabla hujaja na kamba yako," Muhiba akamwambia.

Mke wangu Teresiah akasema iletwe kwetu, kuna chumba hakina mlango. Tangu siku hiyo sufuria ikakaa kwetu, na wao wawili wakawa watu wa kuingiliana kila saa. Leso huuzwa mbili zikiwa zimeungana. Wao walikuwa wakinunua kwa Kombo dukani, wanakata katikati, kila mmoja anachukua kipande chake. Ya mwisho ilikuwa nyekundu yenye michoro ya korosho nyeusi. Wakiivaa siku moja, namwita mke wangu anaitika Muhiba.

Teresiah alikuwa na kuku mmoja aliyempenda. Mwili mweupe, kichwa na shingo nyeusi. Ndiyo sababu akamwita Sista. Nilimwambia masista hawazai. Akasema huyu ni wa shirika lingine.

Kila asubuhi alikuwa akijifunga leso, anachutama karibu na Sista na kuongea naye kwa Kikuyu. Maneno mengi, ya chini chini. Mimi niko ndani na chai yangu. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikia.

Sista alipotaka kulalia mayai alikataa kila mahali alipoonyeshwa. Alikataa kikapu, akakataa kreti, akakataa karai. Akaenda akaingia mwenyewe ndani ya sufuria ya Muhiba. Mke wangu akamtilia maganda ya mahindi na gunia kuukuu, akapanga mayai, na kila yai akaliwekea msalaba kwa kipande cha makaa ili asilichanganye na yai jipya. Nikamuuliza kama Muhiba ameambiwa. Akasema atamwambia.

Wiki hiyo hiyo presha ikampanda Teresiah. Tukampeleka hospitali, hakurudi. Hapo sina zaidi ya kusema.

Watu wakaanza kuja kwa matanga, na watu wa matanga wanakula. Muhiba akajifunga kiuno aje achukue sufuria yake. Nilikuwa nimekaa nje na wazee wa kanisa. Nikamsikia anafunua kifuniko. Nikasikia anavuta pumzi ya kupiga kelele, na kelele haikuja. Nikainuka nikaenda.

Alikuwa ameinama anatazama ndani. Sista naye anamtazama.

"Shemeji," akaniambia polepole, "hii kazi ni ya nani?"

"Ya Teresiah."

Akanyoosha mkono, kuku akamdonoa kidole, akaurudisha. Lakini alikuwa ameona yai moja pembeni.

"Na misalaba kaweka."

"Ndiyo."

"Mayai yamebatizwa ndani ya sufuria yangu ya pilau." Akafuta macho kwa ncha ya leso, sijui ni kicheko au ni kile kingine. Akarudisha kifuniko nusu, pale pale kilipokuwa, akaenda kuazima sufuria ndogo kwa majirani. Matanga yote alipikia sufuria za kuazima, anatoka hii anaingia ile, na hakumwambia mtu.

Tukaenda Murang'a tukazika, nikarudi. Kazi yangu ikawa moja, kumwekea Sista maji na mahindi. Nilikuwa nafanya hivyo bila kusema kitu na yeye anakula bila kunitazama. Mimi mwenyewe chakula kilikuwa hakipiti vizuri. Muhiba alikuwa analeta sahani, anairudisha na nusu, anatikisa kichwa. Lakini mayai yale nilitaka yaanguliwe. Yalikuwa kazi ya mwisho aliyoianza, na haikuwa imeisha.

Yakaanguliwa siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi Muhiba akaingia.

"Shemeji, mzazi hajambo?"

"Hajambo. Vifaranga ni tisa."

"Alhamdulillahi. Sasa atoke. Kesho ni harusi ya Salme, binti wa mzee Faki. Mkokoteni unakuja kuchukua sufuria baada ya swala ya Ijumaa. Na kabla ya hapo nataka kuisugua mpaka isahau."

Mahali pa kumhamishia palikuwepo. Munyoki alikuwa amenitengenezea nyumba ya kuku kwa sanduku la majani chai, na mlango wa wavu, nimeiweka kwenye ukuta wa jikoni. Kutoka chumba kisicho na mlango mpaka hapo ni kuvuka ua tu. Lakini ule ua uko wazi juu, na juu ya nguzo ya stima alikuwa amekaa mwewe. Alikuwa hapo tangu mayai yalipoanza kulia. Nafikiri alikuwa amealikwa na mtu.

Nikaenda kwa Sista na mikono miwili. Akanidonoa wa kulia. Nikaenda na gunia. Akajipandisha manyoya akawa mkubwa mara mbili, akarukaruka humo ndani ya sufuria, na nikasikia kifaranga analia chini ya mguu wake. Nikaacha. Hapo ndipo pagumu. Kuku akiingiwa na hofu ndani ya kitu chenye kina kama kile, anawakanyaga watoto wake mwenyewe. Akihofu zaidi anawasusa kabisa, na kifaranga wa jana bila mama hafiki jioni.

"Tuinamishe sufuria watoke wenyewe," Muhiba akasema.

"Watabingirika wote pamoja naye juu yao."

Munyoki akaja. Alikuwa amesikia kelele, na kelele humvuta kama harufu ya nyama.

"Mzee, hamjui kuku," akasema. "Kuku hahamishwi. Kuku anafuata. Unachukua watoto, unatangulia nao, mama anakuja nyuma yako kama mtu anayekwenda kanisani."

"Umewahi kufuga?" Muhiba akamuuliza.

"Nimewahi kuona."

Akavua kofia yake. Mimi nikamwonyesha Sista mahindi upande huu, yeye akapitisha mkono upande ule, akachota vifaranga watatu, akawatia ndani ya kofia. Akatoka nao uani, kifua mbele.

Alisema kweli. Mama alifuata. Alitoka ndani ya sufuria kama kitu kilichorushwa, akampata Munyoki katikati ya ua, akampanda mgongoni. Munyoki akapiga mbio kuzunguka pipa la maji, kofia ameishika juu na vifaranga ndani, anasema, "Mwondoeni! Mwondoeni!" Wanawake waliokuwa wanafua kwenye bomba wakaacha kufua.

"Mbona humwongozi kanisani?" Muhiba anapaza sauti.

Hapo mwewe akashuka.

Nilimwona kivuli kwanza. Mimi miguu yangu si ya kukimbia tena. Muhiba ndiye aliyekimbia. Alinyakua kifuniko cha sufuria, kile kikubwa, akakiinua juu ya kofia ya Munyoki, na mwewe akakigonga kikalia kama kengele ya shule. Mwewe akarudi kwenye nguzo anajipanga manyoya. Munyoki akarudisha kofia mbio, akawamwaga vifaranga ndani ya sufuria, na Sista akaruka nyuma yao akaanza kuzunguka juu yao kwa hasira. Nikachungulia. Wote tisa walikuwepo, lakini mmoja alikuwa anachechemea.

"Nenda nyumbani, fundi," nikamwambia Munyoki.

"Kofia yangu imechafuka," akasema.

"Nenda nayo."

Hakwenda. Alisimama pale mlangoni, yaani pale ambapo mlango ungekuwa.

Jua lilikuwa linapanda. Muhiba alikuwa amekaa juu ya jiwe na kifuniko mapajani, ananitazama, anatazama barabara. Kama angesema, "Mtupe nje kuku wako," nisingekuwa na neno. Sufuria ni yake na riziki ni yake. Hakusema. Akainuka, akaenda kwake, akarudi amejifunga leso nyekundu ya korosho, kile kipande chake.

"Si huyu alimzoea mwenziwe na leso hii? Basi na anione mimi."

Akachutama. Akalegeza sauti, na kwa kweli sikujua Muhiba ana sauti laini. "Njoo bibi. Njoo mwanangu. Nyumba mpya umejengewa, uhamie kwa heri..."

Sista akamdonoa puani.

"Loo! Ananibagua!"

"Hajui Kiswahili," Munyoki akasema.

Wanawake wa bomba walikuwa wameshafika hapo, wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kitu. Muhiba alipochutama na leso ile, Sista alikuwa ameteremsha manyoya. Muhiba alipofungua mdomo, akayapandisha tena. Munyoki alikuwa amesema mzaha, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwambia Muhiba.

"Basi sema naye wewe."

"Nimesema naye nikija na mahindi. Hanitaki."

"Umesema naye nini?"

Nikafikiri. Sikuwa nimesema naye kitu.

Leso ya Teresiah ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Aliitundika yeye. Watu wa matanga walipokuja kusafisha niliwakataza wasiiguse. Dada zake walipogawa nguo niliificha. Muhiba alijua iko wapi.

"Mimi siigusi," akasema. "Ni wewe."

Nikaingia ndani. Nikakaa kidogo. Nikaitoa kwenye msumari.

Nilipotoka uani nimejifunga leso kiunoni, juu ya suruali, hakuna aliyecheka. Nilitaka wacheke. Kisha mwanamke mmoja akasema, "Mzee, ncha iwe mbele," na Muhiba akaja akanifunga upya kama inavyofungwa, ncha ikining'inia kushoto. Basi hapo wakacheka, na nikaona afadhali.

Nikachutama kando ya sufuria. Magoti yakalia. Sista akanitazama kwa jicho moja.

Nilijua kinachotakiwa. Nilikuwa nimekisikia kila asubuhi nikinywa chai. Habari alizokuwa akimpa kuku yule zilikuwa zangu.

"Yule mzee," nikasema kwa Kikuyu. Nikakohoa. "Yule mzee ameamka, amekaa. Sijui anangoja nini."

Sista akainamisha kichwa.

"Amevaa soksi moja nyeusi na moja ya kahawia. Ukimwambia, anasema miguu haijalalamika."

Manyoya yakaanza kuteremka. Nikatia mkono ndani ya sufuria. Hakudonoa.

"Amejenga chumba, hajaweka mlango. Akiulizwa anasema upepo mzuri."

Sista akalegea akakaa. Nikampitishia mkono chini ya kifua, kukiwa na moto kama mkate, nikamwinua polepole, nikamweka mapajani juu ya leso. Muhiba akanyakua blanketi akatufunika mimi na kuku pamoja, kichwa changu kikiwa nje, maana kuku akiwa gizani hutulia. Kisha akaanza kuwatoa vifaranga mmoja mmoja, anawapitisha chini ya blanketi, mimi nawapokea nawaingiza chini ya mbawa. Nilikuwa naongea muda wote. Nikisimama kuvuta pumzi, naisikia ile misuli ya Sista inakaza.

Ni hapo maneno yakaniishia. Mimi si mtu wa maneno. Nilikuwa nimesema ya soksi, ya mlango, ya redio, ya kukata kucha mezani, na bado nilikuwa sijainuka.

"Yameisha," nikamwambia Muhiba.

"Yameisha vipi? La kukoroma umesema?"

"La kukoroma?"

"Unakoroma kama lori la Mombasa likipanda mlima wa Mazeras. Alinambia. Sema!"

Nikasema.

"Na lile la kununua nyama ya mifupa!"

Nikasema.

"Na la kumficha mgeni wa kanisa kwamba hupo, kumbe uko chini ya kitanda!"

"Nilikuwa natafuta kiatu."

"Usinieleze mimi, mweleze kuku!"

Muhiba anasikia Kikuyu cha kulalamika tu. Hicho ndicho alichofundishwa. Nikageuka nikamwona Munyoki anafuta machozi kwa kofia yake chafu, na wanawake wameshikana mabega. Nikainuka. Munyoki akanishika kiwiko upande mmoja. Muhiba akainua kifuniko juu ya vichwa vyetu kama mwavuli, kwa ajili ya yule wa kwenye nguzo. Tukaanza kuvuka ua, mimi nimeshikilia leso kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji, nalalamika.

Katikati ya ua mkokoteni ukaingia. Alikuwa anausukuma kijana mmoja, Kisilu, aliyetumwa na mzee Faki. Akaona mzee amevaa leso na blanketi, analalamika huku ameshikwa mkono, mwanamke ameshika kifuniko juu yake, na wanawake nyuma wanashangilia.

Akaegesha mkokoteni.

"Mama," akamwambia Muhiba, "mimi nimetumwa sufuria. Bibi harusi sikuambiwa."

"Nyamaza, asije akastuka," Muhiba akasema.

"Nani, bibi harusi?"

"Kuku!"

Kisilu akatazama huku na huku amtafute kuku, hakumwona. Akavua kofia kwa heshima.

Tukafika kwenye sanduku. Nikapiga magoti, Munyoki akanifungulia fundo kiunoni, nikaiteremsha leso ndani na kila kilichomo. Sista akajitikisa, akawakusanya, akawapanga chini yake. Yule wa kuchechemea akapata mahali pa mbele. Tukavihesabu vichwa vilivyokuwa vinachungulia. Tisa. Nikanyamaza, na Sista hakujali. Alikuwa nyumbani.

Nikaivuta leso kidogo ili niitoe. Sista akaishikilia kwa kucha. Nikavuta tena, na vifaranga wawili wakaanza kubingirika.

Muhiba alikuwa nyuma yangu. "Nikusaidie kuitoa?"

Nilitazama ile korosho nyeusi. Tayari mmoja alikuwa ameichafua.

"Wacha," nikasema.

Akaingia kazini. Alisugua ile sufuria kwa jivu, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa ndimu, akaisomea dua, akasugua tena. Kisilu alikuwa amekaa juu ya mkokoteni anaeleza kila anayepita kwamba leo ameona makubwa. Muhiba akamshika sikio.

"Ukifika kwa mzee Faki, umeona nini?"

"Nimeona sufuria."

"Na ndani yake?"

"Hewa, mama. Hewa tupu."

Sufuria ikaenda. Nasikia ile pilau ilisifiwa mpaka Eastleigh.

Jumapili, nilipotoka kanisani, Muhiba akaniletea sahani ya pilau iliyobaki harusini, imefunikwa kwa kile kipande chake cha leso.

"Usiogope, shemeji, ni ng'ombe. Kuku kwangu nimewapa mapumziko."

Akakaa kunitazama nikila, maana alikuwa na desturi ya kurudi na nusu. Nilikula. Wali ulikuwa umechambuka, nyama laini, viazi vimeshika rangi. Karibu na mwisho, chini ya kiazi, nikakuta unyoya. Mdogo, mweupe. Nikaufunika kwa kijiko. Muhiba alikuwa anatazama mlango wake ng'ambo. Nikautia mfukoni, nikamaliza sahani yote, nikamrudishia tupu.

"Asante," nikasema.

Alishangaa akakaribia kuiangusha.

Jioni nikaenda kwa Sista na maji. Nikachutama. Leso ilikuwa imechakaa kwa siku mbili kuliko kwa wiki zote za msumarini, na vifaranga walikuwa wanatoka na kuingia kwenye mikunjo yake.

"Yule mzee," nikamwambia, "leo amekula akamaliza."

Akaniteremshia manyoya. Basi nikamwambia na la unyoya. Muhiba sikumwambia.